Msituite wakaidi wa mabondeni: maji yaliyoingia majumbani mwetu yameletwa na kalavati

Ndugu wanajamvi,

Usiku wa kuamkia Jumapili, mnamo saa nane, maji yaliingia katika nyumba za mtaa wetu hapa Dar es Salaam, na hadi inaadhiniwa alfajiri yalikuwa yameshafika kwenye kitasa cha mlango wangu. Hakuna aliyefariki, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Godoro, friji, unga, madaftari ya watoto na cherehani ambayo mke wangu alikuwa akijipatia riziki vyote vimeharibika, na ninapoandika haya bado tunazoa tope kwa sepeto.

Jumatatu asubuhi afisa mmoja wa manispaa yetu alifika akiwa amevaa mabuti ya mpira, akapiga picha, kisha akatuambia mbele ya watoto wetu maneno ambayo kila aliyewahi kufurikiwa katika jiji hili anayajua kwa moyo: "Mlishaambiwa mhame mabondeni." Tangu mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini na kufanya baadhi ya familia zihamishiwe Mabwepande, maneno hayo yamekuwa jibu la kila swali. Wakazi wa bonde la Mto Msimbazi wana historia yao na amri hiyo ya kuhama, nami sitawasemea. Sisi hatupo bondeni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazungumzia mita 60 kutoka ukingo wa mto, na nyumba yangu, ambayo tuliipima kwa kamba tukiwa na mjumbe wa shina, iko zaidi ya mita 140 kutoka kwenye kijito kinachopita nyuma ya mtaa.

Naomba mnisikilize vizuri katika jambo hili, kwa sababu ndilo kiini cha malalamiko yangu. Wakati wa mvua za El Niño, zilizoanza na vuli ya 2023 na kuunganika na masika ya 2024, zile ambazo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mwezi Aprili mwaka huo kwamba zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini, maji ya kijito chetu yalipanda, yakafunika njia ya miguu, yakaingia katika bustani ya mchicha ya jirani, na yakaishia hapo. Hakuna nyumba hata moja ya upande wetu iliyoingiwa na maji. Mvua ya juzi ilinyesha kwa saa zisizozidi nne. Iweje mvua ndogo ilete maji mengi kuliko mvua kubwa?

Kilichobadilika kati ya mvua hizo mbili ni barabara. Mahali palipokuwa na kidaraja cha magogo, ambacho chini yake kijito kilipita kwa upana wa hatua saba au nane, mkandarasi ameinua tuta la kifusi linalomfikia mtu mzima kifuani na kulaza chini yake kalavati la mabomba mawili, kila moja lenye kipenyo cha mita moja. Tuta hilo limekatiza kijito kutoka ukingo hadi ukingo, na kwa lugha nyepesi tumejengewa bwawa. Chupa za plastiki, matawi na godoro moja la zamani vilitosha kuziba mdomo wa bomba la kwanza, na maji yaliyokosa pa kupita yakarudi nyuma kutafuta njia, wakati nyumba zilizo upande wa pili wa tuta zililala kavu. Kijana mmoja wa bodaboda alituonyesha picha alizopiga saa kumi alfajiri akiwa amesimama juu ya lami: kulia kwake ziwa, kushoto kwake mahindi yamesimama wima.

Maji yenyewe hayakuwa maji ya mvua peke yake. Wakazi wa uswahilini tunafahamu desturi ya baadhi yetu ya kutapisha vyoo mvua inapoanza kunyesha, na kwa kuwa nimekuja kulalamika, sina budi kulalamika pia juu ya majirani: aliyefungua chemba yake usiku ule alimwogesha mama yangu mwenye umri wa miaka 71 kwa kinyesi. Vilevile wapo walioinua viwanja vyao kwa malori ya kifusi na kuwasukumia wenzao maji. Hayo tutayamaliza wenyewe kwenye kikao cha mtaa. Kalavati hatukulijenga sisi, wala hatukuulizwa.

Tuliandika barua tatu kabla ya masika. Ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo kwa sababu niliiweka darini. Ya pili tulijibiwa kwa mdomo kwamba suala liko katika mchakato. Ya tatu, tulipokwenda kuifuatilia, tuliambiwa jalada halionekani na tushauriwe na ofisi ya mtendaji wa kata, ambaye naye alitushauri tuandike barua.

Jambo linalonichoma zaidi ni kwamba kwenye makusanyo hakuna anayesahau tunapoishi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa tunaponunua umeme wa LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kama yangu imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi shilingi 1,500 kwa mwezi. Leseni ya makazi ninayo, pango la ardhi nimelipa. Ikiwa nyumba hii iko mahali pasipostahili binadamu kuishi, ni kwa msingi gani inatozwa kodi kila mwezi kama jengo halali, na uharamu wake unagunduliwa tu siku inapojaa maji?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo, na inazungumzia kamati za maafa. Katika mtaa wetu hatujawahi kumwona hata mjumbe mmoja wa kamati ya namna hiyo. Waliobeba wazee mgongoni usiku ule ni vijana wa kijiweni, ambao mchana huitwa wavuta bangi. Waliotupikia uji ni akina mama wa kikoba. Aliyetufungulia madarasa tulale ni mlinzi wa shule, kwa hiari yake, akihofia kibarua chake.

Hatuombi magodoro wala mchele wa msaada wenye kupigiwa picha. Tunataka mhandisi aliyeidhinisha mabomba mawili aje kusimama juu ya tuta lile akiwa na mchoro wake mkononi, atuonyeshe alipokadiria maji ya masika yapite, na tunataka njia ya maji ipanuliwe kabla ya vuli kuanza mwezi Oktoba. Barua ya nne inapelekwa Ijumaa ikiwa na sahihi za kaya 63. Mwanajamvi yeyote anayefahamu ni ofisi ipi hasa inayotunza michoro ya barabara za mitaa, na kama mwananchi wa kawaida anaweza kudai nakala yake, anijibu hapa chini, kwa sababu mbingu tangu asubuhi imejifunga tena upande wa Pugu.