Karo imeshuka, ada ndogo ndogo zimepanda. Nani anaziwekea kikomo?

fundi_wa_umoja
Jumanne, saa 3:40 usiku

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi wa nguo, niko na kibanda Umoja, nashona hasa sare za shule. Binti yangu ni kifungua mimba, yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi, anasomea ualimu wa hesabu na fizikia. Aliingia 2024, akawekwa bendi ya tatu, yaani moja ya makundi ya ufadhili yanayopangwa kwa uwezo wa familia. Kwa wasiojua, bendi hiyo serikali inatoa ufadhili wa asilimia 50, mkopo asilimia 30, na nyumbani tunatafuta 20.

Julai mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kwamba karo za kozi zinapunguzwa. Siku hiyo mama yake alipika chapati. Na kweli, taarifa ya karo ilipotoka, sehemu yetu ilikuwa imeshuka kidogo. Lakini chini ya karo kuna mistari mingine. Nimezilaza zote mbili juu ya meza ya cherehani, ya mwaka wa kwanza kushoto, ya mwaka huu kulia, nikazifuata kwa chaki mstari kwa mstari:

Mitihani, 2,000 imekuwa 3,500. Matibabu, 2,500 imekuwa 4,000. Maktaba na intaneti, 3,000 imekuwa 5,000. Usajili, 1,000 imekuwa 1,800. Shughuli za wanafunzi, 1,500 imekuwa 2,000. Halafu kuna mstari mpya kabisa, "maendeleo", 3,000.

Kutoka 10,000 hadi 19,300. Ufadhili haugusi hapo, mkopo wa karo haugusi hapo. Yote ni yangu. Rinda moja la shule nalipwa ufundi 350, kwa hivyo hiyo tofauti ya 9,300 ni marinda 27, na msimu wangu ni Januari. Miezi mingine ni kubadilisha zipu na kupunguza suruali.

Na msisahau mgomo wa wahadhiri wa kutoka Septemba hadi Novemba 2025, siku 49. Binti alikuwa hapa kibandani akinishonea vifungo. Maktaba hakuiona, daktari wa chuo hakumwona, na ada haikupungua hata shilingi.

Nilienda ofisi ya fedha. Kijana wa dirishani aliniambia kwa heshima, "Mzee, sisi tunaona tu vile mfumo unasema." Deni lisipoisha kadi ya mtihani haitoki.

Mteja akiniletea kitambaa tukakubaliana bei, siwezi kumaliza mkono mmoja nimwambie bei imepanda, na wakati huo nguo nimeshaikata haiwezi kwenda kwa fundi mwingine. Mtoto aliye mwaka wa pili ni kitambaa kilichokatwa tayari. Je, kuna sheria yoyote ya kuzuia hili? Mwenye kujua anisaidie.

mwaka_wa_nne
Jumanne, saa 4:15 usiku

Pole sana mzee. Mimi niliingia 2022, sisi ndio wa mwisho katika mfumo wa zamani, kabla ya bendi. Karo yangu ni 16,000 kwa mwaka, na nitamaliza na hiyo hiyo 16,000. Mfumo mpya ulipozinduliwa Mei 2023, serikali ilisema waliokwisha kuingia waendelee na masharti waliyoingia nayo. Kwa hivyo wakituambia haiwezekani kumfungia mwanafunzi bei, mimi ni ushahidi unaotembea.

Kuna jambo lingine. Hiyo 20 ya bendi yenu ni asilimia ya gharama ya kozi, si kiasi kilichoandikwa kikaisha. Gharama ikipanda mwaka ujao, bendi itabaki ya tatu, asilimia itabaki 20, lakini shilingi zitaongezeka. Na sehemu ya mkopo pia, ambayo atalipa yeye mwenyewe na riba ya asilimia 4.

Kama mnaona bendi yenyewe haiwafai, kateni rufaa kwenye tovuti ya HEF, ile ya kuombea ufadhili na mkopo. Mdogo wangu alikata akateremshwa bendi moja. Lakini hiyo inasaidia karo tu, hizo ada haizigusi.

karani_mstaafu
Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Baba, umeuliza swali ambalo nililingoja miaka mingi mzazi aulize. Nimefanya kazi ofisi ya fedha ya chuo cha umma miaka 26, nimestaafu.

Ngoja nieleze zinatoka wapi. Tangu 1998 vyuo viliishi kwa wanafunzi wa kujilipia, wale wa masomo sambamba. Jengo, posho, umeme, kila kitu kilitoka huko. KCSE ya 2016, mtihani wa kidato cha nne, ikasimamiwa kwa ukali, waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, wakawa 88,929 tu, serikali ikawa na nafasi za kuwachukua wote, na wa kujilipia wakakauka. Wakati huo huo serikali ilikuwa imeahidi kubeba asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, na pesa zilizofika hazikufika kiasi hicho. Vyuo vikaanza kukata kodi na akiba za uzeeni za wafanyakazi bila kuzipeleka zinakotakiwa. Haya niliyaona kwenye vitabu.

Sasa, katika mkutano wa bajeti mtu anauliza, tunaweza kugusa wapi bila Wizara kuuliza? Karo ya kozi ina macho mengi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 imeipa Bodi ya Mfuko wa Vyuo Vikuu kazi ya kuweka kiwango cha juu cha gharama ya kila kozi. Lakini ada ya usajili, ada ya intaneti, "maendeleo"? Hizo hupitishwa na Baraza la Chuo chenyewe, na hakuna kifungu cha Sheria hiyo kinachosema zisizidi kiasi gani. Nimeandika mistari kama hiyo kwa mkono wangu, na nilijua inaenda kumwangukia nani.

Kwa hivyo kikomo unachotafuta hakipo. Lakini huna mikono mitupu. Katiba, kifungu cha 47, inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi wa ofisi ya umma unapokuumiza. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua kwa msajili. Usiombe kupunguziwa, maana hapo watakujibu kwa huruma na mambo yaishe. Omba nakala ya uamuzi wa Baraza uliopandisha kila ada, tarehe yake, na maelezo ya jinsi wanafunzi walivyoshirikishwa. Siku zikipita kimya, peleka nakala kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ofisi zao ziko West End Towers, Waiyaki Way.

Hilo la kushirikishwa lina uzito. Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita aliutangaza mfumo mzima wa bendi kuwa kinyume cha Katiba, na mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha utekelezaji wa uamuzi huo baadaye, ndiyo maana bendi bado zipo. Lakini hoja yenyewe haijafa.

mama_joliet
Jumatano, saa 5:20 usiku

Fundi, salamu kutoka Joliet, jimbo la Illinois, Marekani. Mimi nilikulia Buruburu, nimekuwa huku tangu 2009. Nataka kukwambia kwa sababu hapa hiyo sheria yako ipo. Ilipitishwa 2003, ikaanza na wanafunzi wapya wa 2004. Mkaazi wa jimbo akiingia chuo kikuu cha umma, karo aliyoanza nayo haibadiliki miaka minne mfululizo.

Mwanangu amesoma chini ya hiyo sheria. Karo haikusonga. Lakini sheria inasema karo, na chuo kikasoma vivyo hivyo, karo. Ada za afya, za usafiri na bweni zilipanda tukiangalia. Mwaka wa tatu nilifanya zamu za usiku miezi miwili katika nyumba ya wazee kulipia bweni peke yake. Isitoshe, chuo kikijua kwamba bei itagandishwa miaka minne, huwapandishia wale wanaoingia mwaka unaofuata ili kijikinge. Mdogo wake alianza na karo ya juu kuliko ya kaka yake, kozi ni ile ile.

Bado naipenda sheria hiyo, kwa sababu nilijua Agosti ya kwanza nitalipa nini hadi Mei ya mwisho. Lakini mkiwapelekea wabunge wenu maneno, tafadhali msiandike "karo" mkanyamaza. Andikeni "kila kitu anachodaiwa mwanafunzi kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani".

fundi_wa_umoja
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Nimewasoma wote, mama wa Joliet nimekusoma mara tatu. Asanteni kwa moyo huu.

Karani, umenikataza kuomba kupunguziwa na kusema kweli ndivyo nilivyokuwa nimeanza kuandika. Nilichana. Binti alikaa hapa Jumamosi tukaandika upya, ukurasa mmoja, ada sita, na chini ya kila moja maswali matatu: uamuzi ulifanywa lini, nani alipitisha, wanafunzi walisikizwa wapi. Alitaka tuongeze ule mstari wa Joliet kuhusu mtihani. Nikamwambia huo tuuhifadhi kwa ajili ya mbunge.

Aliogopa kidogo jina lake lisije likawekwa alama. Kwa hivyo barua ina jina langu na nambari ya kitambulisho changu, ya kwake haimo. Wazazi wengine wawili wa darasa lake wametia sahihi, mmoja anauza mboga Muthurwa, mwingine ni askari wa usiku Donholm.

Leo asubuhi nimeipeleka mwenyewe. Yule karani wa mapokezi aliisoma, akaniangalia, akaisoma tena, kisha akapiga muhuri nakala yangu. Nimeipiga picha. Nimezihesabu siku 21 kwenye kalenda ya ukutani, nimezungushia chaki nyekundu.

Mwanafunzi wa mwaka wa nne, rufaa ya bendi tumeianza pia.

Kama kuna mzazi mwingine mwenye taarifa za karo za miaka miwili, za chuo chochote cha umma, naomba azilete tuzilaze pamoja. Kibandani nipo hadi saa moja jioni, isipokuwa Jumapili.