Re: Re: Motahomu imeanguka MOT, taa ya nyuma

Mama Neema, Reading:
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Jana nimepeleka motahomu yetu, lile gari-nyumba la safari, kwenye MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka hapa Uingereza. Ni ile Fiat Ducato ya 1996. Imeanguka. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ya nyuma ya upande huohuo nayo inafifia na kuwaka, kama wanakonyezana. Kijana wa gereji kanipa VT30 yangu, karatasi ya kufeli, akasema waya wote wa nyuma ubadilishwe, pauni 380. MOT ya zamani inaisha Ijumaa. Swali langu ni moja tu: ikishaisha, naruhusiwa kuliendesha kwenda kupimwa kituo kingine, au lazima nirudi kwa yuleyule?

Mzee wa Tanga, Leicester:
Marahaba mwanangu, pole. Usitoe hiyo 380. Hiyo ni ethi, waya wa kurudisha umeme. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye betri unajipenyeza kwenye balbu ya jirani, ndiyo hayo makonyezo. Fungua kifuniko cha taa, chukua waya mrefu, ncha moja iguse ethi ya taa, nyingine hasi ya betri. Taa zikitulia, mgonjwa umempata. Nyuma ya motahomu ni mbao na faibaglasi, si bati, kwa hiyo taa zinategemea waya uliofungwa kwa boliti kwenye chesi, fremu ya chuma huko chini, penye tope na chumvi ya barabarani. Fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Kijana wa Leeds:
Kabla ya yote ajaze fomu ya VT17 akate rufaa. Halafu motahomu si ni klasi 7? Pengine hata kituo chenyewe hakikustahili kulipima.

Baba Shiro, Coventry:
Boss, klasi 7 ni magari ya mizigo, kilo 3,000 hadi 3,500. Motahomu ni klasi 4 hata iwe nzito vipi. Na rufaa ya nini, kwani taa haififii? Tena ukikata rufaa huruhusiwi kutengeneza chochote mpaka waje kulikagua. Someni kwanza. Mimi langu lilikaa wiki tatu bila taa za ndani. Nikanunua betri mpya, nikanunua chaja. Kumbe ni kafyuzi kamefichwa chini ya kiti, ukikatazama hakana kasoro, kutu iko kwenye vishikio vyake. Mama Shiro hajanisamehe hadi leo.

Kijana wa Leeds:
Sawa kiongozi. Nilitaka kusaidia tu.

Mzee wa Tanga, Leicester:
Ingekuwa kwa mafundi wa Gerezani, Dar, kijana angekuja na testa yake, balbu ya indiketa na nyaya mbili basi. Anatandika boksi, anaingia chini ya gari, mara anatoka na jibu. Unampa ya soda. Huku hata kukutazama tu wanakuandikia bili.

Baba Shiro, Coventry:
Kweli mzee. Hata kwa mafundi wa Grogan, Nairobi, ni hivyo. Nikistaafu langu nalipakia meli mpaka Mombasa.

Kijana wa Leeds:
Kenya si hawapokei gari lililozidi miaka 8? Someni kwanza.

Mzee wa Tanga, Leicester:
Hahaha, amekupata. Lakini ninyi Wakenya msilalamike, pasipoti mbili mnazo tangu katiba ya 2010. Sisi uraia pacha tunaimbiwa tu, nilipoenda kumzika dada yangu Tanga niliingia kama mtalii.

Baba Shiro, Coventry:
Na bado mnawapigia makofi viongozi wenu wakija huku London.

Mzee wa Tanga, Leicester:
Mimi sijapiga makofi. Niliendea pilau.

Mama Neema, Reading:
Asanteni sana, mzee ulisema kweli. Nimelala kwenye mvua na tochi mdomoni, boliti imekatika mkononi kwa kutu, nikatoboa tundu jipya pembeni. Taa zimetulia tuli. Ila leo ni Alhamisi, na lile swali langu la MOT kuisha Ijumaa sijajibiwa.

Mzee wa Tanga, Leicester:
Hongera mwanangu! Hiyo boliti mpya umeweka ya ngapi, 6 au 8?