ETI "HUO NI UNYEVU TU, MZEE"!!! Fundi wa mitaro, yule yule mnayemjua

BabaMapacha (mwenye uzi)
Wakuu, naandika haya nikiwa nimekaa juu ya meza ya chakula, miguu inaning'inia. Si kwa raha. Chini kuna maji.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule wa kofia ya njano, futikamba shingoni kama daktari, ambaye kila ua wa huku Najjera, pembeni mwa Kampala, ameshachimba kitu. Huyo huyo.

Jioni hii mvua imepiga dakika arobaini. Si gharika ya Nuhu, ni mvua ya Aprili kama zote. Maji yakaingia sebuleni bila hodi. Ndala ya mke wangu ikapita mbele yangu ikielekea jikoni, yenyewe, taratibu, kama inakwenda kuteleka chai. Nikapiga picha, nikamtumia fundi. Akaiona. Akajibu kwa sauti, sekunde nne, nimeshazisikiliza mara thelathini:

"Mzee, hayo si mafuriko. Huo ni unyevu tu."

UNYEVU! Unyevu ni jasho la chupa ya soda. Unyevu haubebi ndala!

Na nilimlipa milioni tatu na laki nne, taslimu. Mimi nilitaka mtaro wa zege, wa wazi, ninaouona na kuufagia mwenyewe. Akacheka. Akasema hiyo ni mitaro ya wazee, siku hizi watu wa maana wanaweka "mtaro wa Kifaransa": unachimba, unalaza bomba la matundu, unafukia, unapanda nyasi, hakuna anayejua kama kuna mtaro. Kweli, hakuna anayejua. Hata maji hayajui.

Mvua ilipokatika nikafukua kwa jembe. Kokoto hamna, amerudishia moramu ile ile aliyoichimba. Kitambaa cha kuzuia tope hamna. Bomba limeshiba udongo kama soseji. Na linaishia wapi? Kwenye ukuta wa jirani. Limefika pale likasimama, linasubiri kufunguliwa.

Yote ningemeza. Lakini mama mkwe alikuwepo, na simu ilikuwa kwenye spika. Nimeoa Buganda mimi, na mnajua kule mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Sasa tuko wawili juu ya meza moja, tumegeuziana migongo, tunasikiliza "unyevu tu".

Sekunde nne!

Kaveera_Mstaafu
Pole mzee. Ila Najjera ipi, ya juu au ya mafunjo?

BabaMapacha
Ya katikati.

Kaveera_Mstaafu
Ya mafunjo hiyo.

Shangazi_wa_Bwaise
Watu wa Najjera mna makuu. Ndala moja imetembea, uzi umefunguliwa. Sisi huku tunajenga kizingiti cha matofali mlangoni, godoro linapanda juu ya kabati Machi, linashuka Juni. Mfereji wa Lubigi ukikasirika hatumpigii fundi wala mganga.

Bomba_la_Inchi_Nne
Nimecheka nikamwaga chai. Lakini tusiutukane mtaro wenyewe. Unataka kokoto safi, kitambaa, matundu ya bomba yatazame chini, mteremko angalau sentimita 1 kwa kila mita, na mahali pa kutokea. Tena huo ni wa maji yaliyolowa ardhini. Yako yanakimbia juu. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Paa la mita mraba 120, mvua ya milimita 40, hizo ni lita 4,800 zinazomwagika uani kwako. Ulitakiwa gata (mifereji ya kukinga maji ya paa) na tangi kwanza, halafu huo mtaro wa zege ulioutaka mwenyewe. Gata unazo?

BabaMapacha
Alisema zinaharibu sura ya nyumba.

Bomba_la_Inchi_Nne
😂😂 Basi huo ni unyevu tu.

Mwalimu_Mstaafu_Jinja
Sahihisho dogo. Mtaro huo hautoki Ufaransa. French ni jina la mtu: Henry French, mwanasheria wa Marekani, aliyeandika juu ya kukausha mashamba mwaka 1859.

Shangazi_wa_Bwaise
Mwalimu, huyo French aliwahi kufika Najjera?

Jirani_Asiyelala
Nyie mna fundi, mimi nina jirani. Mukono, nyumba ya juu yangu. Ameweka pevingi, yale matofali ya kutandaza chini, ua mzima, hakuacha hata kiganja cha udongo, mwembe wenyewe unapumua kwa shida. Halafu akatoboa tundu ukutani, maji yake yote yanatapikwa kwangu. Nikaenda kwake, akaniambia maji ni ya Mungu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Nikamkuta anasimamia watu wanaomwekea pevingi.

Ssebo_Mtulivu
Fundi huyo huyo alinichimbia shimo la kunyonya maji, Kajjansi, hatua chache kutoka kinamasini. Nikamwambia tuanze na kishimo kidogo, tujaze maji, tuone yanakauka baada ya muda gani. Akasema hana muda wa kuchezea maji. Shimo likajaa kabla mvua haijanyesha! Maji yalipanda kutoka chini. Nikampigia. Akasema, "Hongera, umepata kisima bure."

Kaveera_Mstaafu
Kisima bure 😂😂😂 Huyu mtu apewe kipindi redioni.

BabaMapacha
Wewe angalau umepata kisima. Mimi "unyevu". Mbele ya mama mkwe.

Boda_wa_Ntinda
Kwani kwenye hilo shimo kambale hawakai?

Ssebo_Mtulivu
Wapo. Niliweka mia mbili.

Shangazi_wa_Bwaise
Mia mbili! Unawalisha nini?

Ssebo_Mtulivu
Makombo ya posho (ugali), na mchwa wakipatikana.

Jirani_Asiyelala
Tenga wakubwa na wadogo mapema, la sivyo watakulana. Mimi nilianza na mia, nikabaki na kumi na mmoja wanene.

BabaMapacha
Jamani, huu ni uzi wa fundi. Na huku mawingu yanarudi.

Boda_wa_Ntinda
Ssebo, kilo unauza ngapi?