Je, ni umaskini unaoleta vipigo ndani ya ndoa?

Mama wa Katuba (Lubumbashi):
Ndugu wasomaji, mtaani kwetu mke akipigwa, watu husema kwamba ni njaa iliyompiga. Lakini ninawafahamu maskini wengi ambao hawajawahi kuinua mkono, na wenye magari ambao wake zao hufunga kitambaa hadi machoni. Tena, katika likelemba yetu (kikundi chetu cha kuchangiana fedha), akina mama wawili walianza kupigwa pale biashara yao ya unga ilipoanza kutoa faida. Je, uchumi unahusikaje hasa?

Mjukuu wa Fundi:
Mama, kwa maoni yangu njaa yenyewe haipigi mtu; kinachouma ni cheo kilichobaki bila mshahara. Mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi huku Katanga, alileta fedha nyumbani, na kampuni ikaongeza poso ya unga, matibabu na shule ya watoto, kwa hiyo heshima ya baba ilisimama juu ya gunia lile. Uzalishaji ulipoporomoka katika miaka ya 1990, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipoondoka kuanzia 2003 kwa mpango ulioitwa wa hiari (hiari gani, baada ya miezi mingi bila kulipwa?), akina mama wa makala, samaki na unga ndio waliobeba nyumba. Sheria nayo imekwenda nusu njia: marekebisho ya 2016 ya Kanuni ya Familia ya Kongo, yaani sheria ya ndoa na familia, yalimwondolea mke lazima ya kuomba idhini ya mume ili afanye kazi, lakini mume akabaki mkuu wa nyumba.

Msomaji wa Kenya:
Hapo umewaonea huruma mno wanaume, ndugu yangu. Wengi walifukuzwa kazi wala hawakumpiga mtu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wanawake wa Kongo waliona kuna angalau sababu moja inayompa mume haki ya kumpiga mkewe, na fikra hiyo haikuletwa na Gécamines. Umaskini ninauona zaidi mlangoni pa kutokea: asiye na fedha zake hana pa kwenda, na wazazi wake, ambao mahari wamekwisha kuila, humrudisha kwa mumewe kabla hata uvimbe haujashuka.

Mhasibu wa Kikundi:
Kuhusu wale akina mama wawili: huko Limpopo, Afrika Kusini, wanawake walipewa mikopo midogo pamoja na mafunzo kuhusu mahusiano ya wake na waume, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba vipigo kutoka kwa wenzi wao vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mikopo haikutolewa peke yake, na hapo ndipo vikundi vyetu vinapopungukiwa, kwa kuwa tunahesabu fedha, tunafunga kisanduku kwa kufuli tatu, kisha kila mama anakwenda kukabiliana peke yake na swali la mumewe: faida iko wapi? Mama wa Katuba, waulizeni kwanza wale wawili wenyewe, kwa faragha, kama wanataka waume zao waitwe kikundini, maana mume akiitwa bila wao kukubali, wao ndio watakaolipa usiku huo.