Nataka kununua simu mbovu Moro nizipeleke Kariakoo kwa spea, nianzie wapi?

Muuliza swali, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Nina fremu ndogo Msamvu, nauza vocha, chaja na kava. Watu hawaishi kuniletea simu zilizokufa: zimepasuka, zimeingia maji, hazishiki chaji. Wengi wanasema "nipe chochote tu". Nasikia mafundi wa Kariakoo wanazinunua. Zipi zina soko, bei napangaje, na za wizi nazikwepaje?

Fundi, Kariakoo

Mkuu, karibu. Meza yangu iko jirani na Mtaa wa Aggrey na simu za namna hiyo nanunua, kwa hiyo nakueleza ninavyozikagua.

Anza na kioo, maana ndiko hela iliko. Simu iliyopasuka kioo cha juu tu, picha inaonekana safi na tachi inaitika kila kona, hiyo ichukue hata kama ina nyufa kama utando wa buibui. Fundi mwenye mashine anaipasha moto, anabandua kioo cha juu, anagandisha kipya, na display inabaki ile ile ya kiwandani. Kwa Samsung zenye AMOLED (aina ya display yenye rangi kali) tunazigombania, kwa sababu kopi nyingi zina mwanga hafifu na rangi zake hazifanani. Samsung ikiwaka, piga *#0*#, itakuletea rangi moja moja na sehemu ya kujaribu tachi. Ukiona wino mweusi unasambaa au mstari wa kijani umesimama juu hadi chini, kioo hicho kihesabu sifuri.

Simu isiyowaka kabisa huwezi kuthibitisha kioo chake, kwa hiyo inunue kwa bei ya bodi, ule ubao wa saketi ulioko ndani. Chungulia tundu la laini: iPhone na Samsung nyingi zina kikaratasi cheupe kinachogeuka rangi kikiguswa na maji. Bodi iliyolowa ikakaa miezi na kutu sisi tunaiogopa. Bodi iliyozima ghafla bila maji ina faida, tunatoa IC (chipu ndogo) ya chaji au ya pawa tunafufulia nyingine.

Tecno, Infinix na itel usizidharau. Zote ni za kampuni moja, Transsion, na zipo modeli zinazoingiliana vioo. Wateja wake ndio wengi, spea haikai.

iPhone nenda nazo taratibu. Face ID, ile ya kufungua simu kwa uso, imefungamana na bodi yake, ukiihamishia simu nyingine haifanyi kazi. Tena tangu iOS 18, programu ya iPhone ya mwaka 2024, kwa matoleo ya karibuni, kioo, betri au kamera iliyotoka kwenye simu yenye loki ya iCloud (bado imefungwa na akaunti ya mwenyewe) inagoma kukamilisha usajili kwenye simu mpya. Kwa hiyo mwenye simu aondoe akaunti yake mbele yako.

Bei: uliza kwanza mafundi wananunua kile kioo cha mtumba kwa ngapi. Tuseme ni elfu 40. Mwenye simu mpe elfu 15, ukibanwa sana elfu 18. Nauli ipo, na katika mzigo zipo zitakazokukatalia. Ukishuka Kariakoo usimkabidhi winga (dalali wa mtaani) mzigo, nenda mwenyewe mezani kwa fundi akupimie ukiona.

Mdau, Mwanza

Hapo kwenye wizi mbona umeruka? Ukianza kudai kitambulisho kwa simu ya elfu 10, nani atakuuzia?

Fundi, Kariakoo

Sijaruka, mkuu, nilitaka nilieleze peke yake. Asiyetaka kuacha jina, namba na sahihi kwenye daftari, mwache aondoke na simu yake. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na polisi wakiifuatilia simu wataanzia kwako uliyekutwa nayo. Ikiwaka piga *#06#, andika IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kisha itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone kama jina linalorudi linafanana na simu uliyoshika. Isiyowaka, soma kwenye boksi. Baadhi ya iPhone IMEI imechongwa kwenye trei ya laini. Na kijana akikuletea simu tano za aina tofauti, zote zimefungwa na akaunti za watu, usinunue hata moja.

Dada, Arusha

Naomba niongeze, kaka zangu. Mdogo wangu aliuza simu iliyokufa kioo, baadaye picha zake za harusi zikaonekana kwa watu asiowajua. Alidhani simu isiyoonyesha kitu haina kitu.

Fundi, Kariakoo

Pole sana, dada. Kioo kikifa, picha zinabaki kwenye bodi. Mimi nikiweza kuiwasha kwa kioo changu, naifuta yote mwenyewe akiangalia. Nisipoweza namwambia achukue bodi yake, nanunua vilivyobaki. Memori kadi na laini namkabidhi kabla ya kulipana.

Muuliza swali, Morogoro

Shukrani sana, wakuu. Daftari nanunua kesho. Ninazo tatu betri zimevimba, nazo niziweke kwenye mzigo wa basi?

Fundi, Kariakoo

Hapana kabisa, mkuu. Iliyovimba ikitobolewa au kubanwa inawaka, na ndani ya buti la basi kuna mizigo ya watu na watu juu yake. Kama huna mkono wa kuitoa, mpe fundi wa hapo Moro aitoe, usiichokonoe na bisibisi. Ikishatoka iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje, mbali na jua na watoto. Simu niletee bila betri, bei yangu haipungui kwa hilo.