Bandari ya Lamu ina gati tatu: je, reli na barabara za kuvuka mpaka zitalipiwa na nani?

Mkaazi wa Mokowe

Assalaam aleikum wanajukwaa. Ninaleta swali la fedha, na ningeomba tusiligeuze kuwa la vyama.

Mradi wa LAPSSET, yaani ukanda wa uchukuzi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa hapa kwetu tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Gharama yake ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 20, na ndani yake mlikuwa na gati 32, reli, barabara kuu, bomba la mafuta, viwanja vya ndege na miji ya kitalii. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na leo zipo tatu. Reli haijaonekana hata kwa nguzo moja. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo siku ile ya uzinduzi wetu ilikuwa haijaanza kujengwa, ilikuwa ikibeba abiria kufikia katikati ya mwaka 2017.

Kwa nini fedha zilipatikana kwa reli ile na zisipatikane kwa hii? Nani hasa hukopesha miradi inayovuka mpaka, na deni linapofika wakati wa kulipwa hudaiwa nchi moja au zote? Sababu ya kuuliza ni kwamba baadhi ya ndugu zangu wanataka kununua viwanja upande wa Hindi, hapa hapa Lamu, kwa tamaa ya reli, na mimi sina hoja ya kuwaunga mkono wala ya kuwazuia.

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Wa aleikum salaam, ndugu yangu wa Mokowe. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloyafungua mengine.

Mradi unaovuka mpaka hauna mdaiwa mmoja. Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini hazina mfuko wa pamoja unaoweza kutia saini mkopo wa LAPSSET. Kila serikali hukopa kwa jina lake kwa ajili ya kipande kilicho ndani ya ardhi yake, na italilipa deni hilo hata kama jirani hakujenga upande wake. Mkopeshaji anaijua hali hiyo vizuri. Akiletewa maombi ya reli ya kutoka Lamu hadi Moyale, mpakani mwa Ethiopia, atataka kujua kwanza ni shehena gani itakayopakiwa, na jibu la swali hilo liko Addis Ababa, haliko Nairobi.

Tazama jinsi majirani walivyobadilika baada ya uzinduzi. Januari 2012 Sudan Kusini ilikuwa imesimamisha uzalishaji wa mafuta yake kwa sababu ya mgogoro na Khartoum kuhusu ada za bomba linalokwenda Port Sudan, kwa hiyo Juba ilihitaji mlango mwingine wa bahari kwa dharura, na si ajabu kwamba Rais Kiir alikuwa Lamu mwezi Machi. Desemba 2013 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka nchini mwake. Uganda, ambayo mafuta yake yangeweza kuungana na yale ya Turkana na kuletwa kwetu, ilitangaza Aprili 2016 kwamba bomba lake la kilomita 1,443 litakwenda Tanga. Ethiopia nayo ilijenga reli ya umeme ya kilomita zipatazo 750 hadi Djibouti, iliyozinduliwa Oktoba 2016, kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa ilitoka Benki ya Exim ya China. Deni hilo liliwalemea kiasi kwamba mwaka 2018 Waziri Mkuu Abiy Ahmed alitangaza kuwa muda wa kulilipa umeongezwa kutoka miaka 10 hadi 30, na Desemba 2023 nchi hiyo ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 ya hatifungani yake ya kimataifa. Serikali inayohangaika kulipia reli ya kwanza ya kufika baharini itamwambia nini mkopeshaji ili aipe ya pili?

Reli ya Mombasa haikumsubiri jirani. Shehena ilikuwapo bandarini tayari, na mikataba iliyotiwa saini Mei 2014 iliegemea hapo hapo. Benki ya Exim ya China ilitoa mikopo miwili, kila mmoja wa takriban dola bilioni 1.6. Mmoja ni wa masharti nafuu wenye riba ya asilimia 2, na wa pili ni wa kibiashara, ambao riba yake ilipanda na kushuka na soko kwa kuwa ilihesabiwa kwa kuongeza asilimia 3.6 juu ya Libor, kiwango cha riba ambacho benki kubwa za London zilikopeshana. Bandari iliahidi kuipa reli kiasi fulani cha mizigo, na tangu mwaka 2013 bidhaa zinazoingizwa nchini zikaanza kutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, kwa asilimia 1.5 wakati huo. (Aliyeagiza mashine ya boti kutoka Japani na kuifunga kwenye chombo chake Faza ameilipia reli ya Nairobi, atake asitake.) Pamoja na dhamana zote hizo, Rais Kenyatta alipokwenda Beijing mwaka 2019 kutafuta fedha za kuifikisha reli Kisumu alirudi bila mkopo, na njia ikaishia karibu na Naivasha. Mpaka wa Uganda ulikuwa bado mbali.

Gati zetu tatu hazikungoja mkopeshaji wa aina hiyo. Kampuni ya China Communications Construction ilipewa kandarasi mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 480, na malipo yalitoka katika bajeti ya Serikali ya Kenya. Wengi hudhani kwamba mjenzi akiwa Mchina basi na fedha ni za China. Hapa haikuwa hivyo. Serikali inapotumia bajeti yake haimwonyeshi mtu wa nje hesabu za shehena itakayokuja, na kwa sababu hiyo gati zenye kina cha zaidi ya mita 17 ziliweza kujengwa mahali ambapo hapakuwa na reli wala barabara ya lami ya kwenda Garissa. Uhuru huo una bei yake, na bei yenyewe tunaiona kila siku: fedha za gati zilitoka, za njia ya kutokea gatini hazikutoka.

Nahodha wa Pate

Nimemsoma mzee wangu wa Malindi kwa makini, na ninataka kuongeza jambo kuhusu huo uhuru alioutaja.

Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika zinapokopesha barabara au bandari, hudai tathmini ya athari kwa mazingira na mpango wa kuwafidia watakaohamishwa au watakaopoteza riziki, na zina ofisi ambazo mwananchi anaweza kupeleka malalamiko yake moja kwa moja. Sisemi kwamba taratibu hizo hufuatwa daima kama zilivyoandikwa. Ila mvuvi wa Lamu hakuwa na mlango wowote wa namna hiyo. Njia za meli zilipochimbwa, matumbawe na mikoko vikaharibiwa na maeneo tuliyozoea kuvua yakafungwa, hapakuwa na benki ya kuandikiwa barua. Palikuwa na mahakama tu. Kesi ilifunguliwa mwaka 2012, na Mahakama Kuu ilitoa hukumu tarehe 30 Aprili 2018, ikasema kwamba haki za wavuvi zilivunjwa na wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

Nimepiga hesabu kwa thamani ya shilingi ya wakati ule: fedha hizo hazifiki hata asilimia 4 ya gharama za gati tatu. Zingewekwa katika mpango tangu siku ya kwanza, hakuna mhandisi ambaye angesema mradi haubebeki. Badala yake zilitafutwa mahakamani kwa miaka sita, na mwenye dau dogo, asiye na uwezo wa kufuata samaki nje ya miamba, alitakiwa kuishi vipi katika miaka hiyo? Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba masharti ya wakopeshaji wa kimataifa ni usumbufu unaochelewesha maendeleo, mimi humuuliza amewahi kuvua Mkanda.

Mkaazi wa Mokowe

Ahsanteni sana. Nahodha, hoja yako nimeipokea, na hesabu yako ya asilimia 4 sikuwahi kuiona popote.

Mzee wangu Mhasibu, nina wasiwasi kidogo na jibu lako. Tangu mashambulizi ya Bahari Nyekundu yaanze mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi zilibadilisha njia, na hapa kwetu zimekuja meli kubwa kushusha makasha. Je, hiyo si shehena? Na kama kila nchi hukopa peke yake, huu unaoitwa ufadhili wa kikanda una maana gani?

Msafirishaji, Hindi

Ndugu, niruhusu nijibu la makasha, kwa kuwa ni kazi yangu. Makasha mengi unayoyaona yanashushwa gatini ili yapakiwe tena katika meli nyingine na kuendelea na safari ya bahari. Bandari inapata ada yake na vijana wa gatini wanapata kazi, na hilo ni jema. Hata hivyo kasha hilo halipandi lori wala halitapanda reli, kwa hiyo mkopeshaji wa reli hawezi kulihesabu.

Mimi ninaona kwamba tumeikazia macho reli kupita kiasi. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, yenye kilomita zipatazo 500, ilikamilika bila mtu yeyote kuleta dola bilioni kwa mkupuo. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilifadhili sehemu, Umoja wa Ulaya ukafadhili kipande cha kutoka Merille kwenda Marsabit, na Serikali ya Kenya ikatoa sehemu yake. Kila kipande kilipokwisha kilitumika siku hiyo hiyo: mfugaji wa Marsabit alifikisha mbuzi wake Isiolo kabla Ethiopia haijafanya lolote upande wake. Tarehe 9 Desemba 2020 Rais Kenyatta na Waziri Mkuu Abiy walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Moyale, ambapo gari hukaguliwa mara moja na maofisa wa nchi zote mbili. Reli haikatwi hivyo. Reli iliyofika Garissa ikakwama haina faida kwa mtu, na gharama zake za uendeshaji zinaendelea.

Benki ya Dunia nayo imefuata njia hiyo ya vipande. Mwaka 2015 iliidhinisha dola milioni 500 kwa upande wa Turkana, kutoka Lokichar hadi Nakodok kwenye mpaka wa Sudan Kusini, na mwaka 2020 dola milioni 750 kwa barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera. Ukiitazama ramani utaona jambo la kuchekesha kidogo, kama halingekuwa linatuuma sisi: vipande vya mbali vya ukanda huu vimepata wafadhili, na kipande kinachoanzia bandarini kwenda Garissa, ambacho bila hicho vile vingine vinaitumikia Mombasa, ndicho kinachosuasua. Usalama ni sehemu kubwa ya sababu. Wajenzi wameshambuliwa, magari yetu husindikizwa na askari, na hakuna mkandarasi anayetoa bei ya kawaida kwa kazi ambayo wafanyakazi wake wanalala ndani ya kambi yenye ulinzi wa bunduki.

Mhasibu Mstaafu, Malindi

Msafirishaji amenisaidia, na jibu langu kuhusu ufadhili wa kikanda litakuwa fupi kwa sababu hiyo. Maana yake ni kwamba mkopeshaji mmoja anazitazama nchi jirani kwa pamoja na kupanga vipande vyao viende sambamba, ingawa kila moja inatia saini deni lake. Mfano wa karibu unapita mlangoni kwetu. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban yuro milioni 345 kwa barabara ya pwani inayounganisha Malindi, Mombasa, Lunga Lunga, Tanga na Bagamoyo. Kenya ina mkopo wake na Tanzania ina wake, Umoja wa Ulaya ukaongeza msaada kwa upande wa Kenya, na kazi ikaanza kwa vipande: kwetu kati ya Mombasa na Kilifi, kwao kati ya Mkange na Pangani. Ni mpango wa kiasi, hauna gati 32 wala miji ya kitalii, na labda ndiyo maana ulipata fedha.

Kuhusu viwanja vya Hindi, ndugu wa Mokowe, usiwazuie ndugu zako kwa maneno yangu, lakini waambie wasiichukulie sherehe ya uzinduzi kama dalili ya reli. Dalili ni mkataba wa fedha uliotiwa saini, na kwa reli hii ni mikataba miwili, wa Nairobi na wa Addis Ababa. Barabara ya Garissa nitaitegemea zaidi, na kiwanja chenye manufaa kwa maduka, gereji au maghala ya malori kinaweza kulipa bila reli. Kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni wapeleke namba ya kiwanja katika ofisi ya ardhi na waulize kama kimo ndani ya ukanda wa mita 500 uliotengwa kwa ajili ya miundombinu ya LAPSSET. Anayenunua humo atakuja kutwaliwa ardhi yake kwa mujibu wa sheria na kupanga foleni ya fidia, na Nahodha ameshaeleza foleni hiyo inakwendaje.