Naomba ushauri: namna ya kuionja Ardbeg ya miaka 10 na kuipa alama kwa haki

Ndugu zangu, nina chupa ya Ardbeg ya miaka 10, wiski ya kimea cha shayiri iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja kisiwani Islay, Uskoti, nami nimeazimia kujifunza kuionja kwa makini.

Ninatumia glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, ninamimina kidogo, ninaiacha itulie, kisha ninainusa huku nimefumbua mdomo kidogo ili kilevi kisinichome pua. Moshi ndio unaotangulia, kwa kuwa kimea hukaushwa kwa moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaokaushwa na kuchomwa kama kuni), na kwangu unafanana kabisa na mkaa uliozimwa kwa maji ya bahari. Jana niliongeza matone machache ya maji. Wiski ikaingia ukungu, jambo la kawaida kwa kuwa haikuchujwa kwa baridi (yaani haikupozwa na kuchujwa ili kuondoa mafuta yanayoleta ukungu), na hapo ndipo nilipopata harufu ya limau, kisha vanila, ambayo naamini inatokana na mapipa ya mwaloni yaliyowahi kutunza bourbon, wiski ya Kimarekani. Nilifurahi mno.

Kinachonitatiza ni hukumu yenyewe. Je, alama zitolewe kabla ya maji, ikiwa bado na asilimia 46 za kilevi, au baada yake? Na moshi unaobaki kooni muda mrefu baada ya kumeza, niuhesabu kuwa ubora, au ni kasoro kwa sababu unafunika ladha nyingine? Wenye uzoefu, naomba pia mnieleze mnapumzishaje ulimi kabla ya kuonja glasi ya pili.